Rimoti ya Njeri

Nekesa wangu,

Umeenda kusukwa, na najua kusuka kwako huchukua jioni nzima. Baba yako amekaa nje na majirani, anawaambia kwa mara nyingine kwamba msichana wake kesho anaenda Ruiru kuwa fundi. Namsikia kutoka hapa mezani. Sauti yake ni ya mtu aliyepewa zawadi. Yangu ingekuwa tofauti, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nikianza kwa mdomo tutagombana, na sitaki uondoke tukiwa tumenuniana.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ama kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Nataka kukuambia juu ya mwanamke unayeenda kumfanyia kazi. Wewe unamwita Auntie Njeri na unaongea juu ya duka lake kama watu wanaongea juu ya Ulaya. Mimi nilimjua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Na nitasema mapema, usije ukasoma ukitafuta: nina wivu naye. Nilikuwa nao wakati ule, na ninao leo nikishika hii kalamu. Niliambiwa mtu akizeeka unapoa. Bado nangoja.

Ulikuwa darasa la pili. Baba yako alikuwa na kile kibanda chetu cha hapa Makongeni, lakini kazi yake ilikuwa redio na pasi. Kisha TV zikaanza kuhitaji dekoda, na kila nyumba ikawa na rimoti mbili au tatu, na watoto wa mtaa wote wakawa wanaziangusha kwenye uji. Akaleta zile rimoti zinazokubali TV zote, ambazo watu huziita yunivaso, akazitundika kwenye waya mbele ya kibanda kama nguo za mtoto mchanga. Zikanunuliwa. Shida ni kwamba mtu akifika nazo nyumbani hajui kuziseti, kwa hivyo baba yako akawa anaitwa. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo, naunga kola. Nilikuwa nafika nyumbani miguu imevimba, nakuta meza imejaa rimoti zilizofunguliwa matumbo, skrubu ndogo kila mahali, na baba yako ameinama juu yake na miwani yake ya kuazima. Nilikuwa nasema, "Toa hivi vitu vyako hapa nipakue." Nafikiri hayo ndiyo maneno niliyomwambia zaidi katika ndoa yetu yote ya wakati ule. Alikuwa anatoa, akitabasamu. Hakuwahi kubisha.

Njeri akahamia kwenye lile jengo la ghorofa linalotazamana na plot yetu ya kupanga. Alikuwa anauza viatu vya mitumba sokoni. Mume wake alikuwa ameenda Qatar kufanya kazi ya udereva, na akamtumia TV kubwa bapa kwa mkono wa rafiki. TV ilifika, rimoti ikapotea njiani. Halafu mume naye akapotea, simu zake zikawa haziingii. Kwa hivyo Njeri alibaki na TV isiyo na rimoti, yenye jina ambalo hakuna mtu hapa Thika alilijua, na maandishi yote ni ya Kiarabu.

Baba yako akaenda. Siku hiyo alirudi akicheka, akanieleza vile alivyobonyeza bila kujua anabonyeza nini mpaka Kiingereza kikatokea. Nilicheka kidogo, nikamwambia atoe vitu vyake nipakue.

Kisha akaitwa tena. "Rimoti ya Njeri imesahau," akasema.

Akaitwa tena. "Imesahau tena."

Sikujali. Nilijua rimoti ni za bei rahisi na vitu vya bei rahisi husahau. Nilianza kujali siku alipokataa ugali. Unamjua baba yako. Mtu wa Bungoma akikataa ugali, ni mgonjwa ama amekula mahali. Nikamshika paji la uso, halikuwa na moto. Wiki iliyofuata akakataa tena, na alikuwa amenyoa ndevu katikati ya wiki, na shati ameingiza ndani ya suruali. Kisha jirani mmoja, sitamtaja, akaniambia tukianika nguo, "Mama Nekesa, kwani ile TV ya kule juu inaharibika kila siku?" Aliuliza kwa upole. Ule upole ndio ulionichoma.

Nekesa, sijui kama wivu umewahi kukushika. Mimi ulinishika tumboni, kama njaa, lakini njaa isiyotaka chakula. Kiwandani niliunga kola upande usiofaa, msimamizi akanirudishia rundo zima. Nilikuwa nahesabu vitu visivyo na maana: mapazia yake, ndala za mlangoni kwake, taa yake inazimwa saa ngapi. Nilijua rangi ya mafuta yake ya mwili kabla hatujawahi kusalimiana vizuri.

Ningeweza kumuuliza baba yako. Sikuuliza. Niliogopa atajibu.

Badala yake nilimwambia jioni moja, baada ya kula, "Nifundishe kuseti rimoti."

Aliangalia nyuma kama kuna mtu mwingine naongea naye. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe na rimoti?"

"Wafula, utanifundisha ama hutanifundisha?"

Akacheka, akavuta kiti. Na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyepangusa meza ili aweke vitu vyake.

Alianza na simu. Akafungua kamera, akanipa niishike, akaelekeza mdomo wa rimoti kwenye kamera na kubonyeza. Nikaona kitaa cha zambarau kikimetameta kwenye skrini. Nikatoa simu nikaangalia kwa macho yangu: hakuna kitu. Nikarudisha simu: kinawaka. "Hiyo ndiyo infraredi," akasema. "Ni mwanga kama mwanga mwingine, ila macho yetu hayakupewa kuuona. TV imepewa." Akanionyesha kwamba ukielekeza rimoti ukutani, mwanga unagonga ukuta unarudi, na TV inasikia. Akanionyesha kwamba mtu akisimama katikati, mwili wake unauzima. Akanionyesha vile jua la mlangoni likipiga kioo cha TV linaifumba macho. Kila kitufe, akasema, ni mpigo wake wa kuwaka na kuzima, upesi kuliko kope, na kila kampuni ina mipigo yake. Kazi ya yunivaso ni kubeba mipigo ya kampuni zote tumboni, na kazi ya fundi ni kuiambia itumie ipi.

Tulikaa hivyo jioni nyingi. Shika kitufe cha SET mpaka taa nyekundu ikae. Ingiza namba ya kampuni. Taa ikizima, jaribu sauti. Ikikataa, namba ya pili. Na kabla ya kujaribu alikuwa anagonga rimoti mara mbili kwenye kiganja, anaiambia TV, "Haya mzee, kubali." Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Kumbe ndivyo anavyofanya kazi.

Na aliongea. Sikujua baba yako ana maneno mengi vile. Aliniambia kwamba akiwa kidato cha pili alifungua redio ya mwalimu mkuu kuona mtu anaongelea wapi, akaikusanya tena ikabaki na skrubu moja mkononi, akachapwa mbele ya shule, lakini redio ikaongea vizuri kuliko kwanza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeolewa naye miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kusikia hadithi hiyo. Na aliisimulia vizuri mno, na mapumziko mahali panapofaa, kama mtu aliyeisimulia juzi.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza."

Nikajua aliyemuuliza ni nani.

Wewe ulikuwa unakaa nasi kwenye kile kistuli, unabonyeza bonyeza zile rimoti zilizokufa. Kisha ukaanza kubonyeza zilizo hai. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha ulikuwa unaweza kuseti rimoti ya dekoda bila kuangalia karatasi ya namba. Watu wakikusifu unasema baba alikufundisha. Ni kweli. Lakini ujue masomo hayo yaliletwa na nini. Kama mama yako angekuwa mwanamke mtulivu, ile meza ingekuwa ya kula tu.

Siku iliyonipeleka kwa Njeri ilikuwa Jumamosi mchana. Baba yako alikuwa kibandani, simu yake ameiacha nyumbani ikichaji. Ikalia. Nikashika, sikusema kitu.

"Baba Nekesa? Ni ile rimoti. Imesahau tena."

"Sawa," nikasema, nikakata. Nikachukua mkoba wa baba yako nyuma ya mlango, nikavuka barabara.

Njeri alifungua mlango akiwa amejipaka yale mafuta. Akaniangalia mimi, akaangalia mkoba, akaangalia ngazi nyuma yangu.

"Ngai. Mama Nekesa. Karibu. Fundi ako wapi?"

"Fundi leo ni mimi."

Mezani kulikuwa na chapati zimefunikwa na kitambaa, na sufuria ya ndengu. Sahani mbili. Nilikaa, nikaomba rimoti.

Jina la TV yake halikuwa kwenye karatasi, kwa hivyo ilibidi itafutwe kwa ile njia nyingine. Unaijua. Unashika SET, rimoti inaanza kutuma namba zake yenyewe, moja baada ya nyingine, na wewe unakaa ukiiangalia TV. Sauti ikipanda, ubonyeze hapo hapo. Ukichelewa imepita, unaanza upya. Kwa hivyo hakuna la kufanya ila kukaa na kungoja. Tulikaa kwenye kiti kirefu, mimi na yeye, bega kwa bega, macho kwa TV. Na nikiwa hapo nikaelewa kazi ambayo mume wangu alikuwa anafanya katika nyumba ile. Alikuwa akikaa mahali nilipokaa, na yeye hapo alipo, na kungoja huku kote kulikuwa kwao wawili.

Sauti ikapanda. Nilikuwa nimepotea mawazoni, nikachelewa. Tukaanza upya.

Mara ya pili niliishika. Kisha nikafungua mgongo wa rimoti. Betri zilikuwa mpya. Springi zilikuwa safi, zimekaza vizuri. Nilikuwa nimefundishwa kwamba zile rimoti rahisi hukumbuka kwa nguvu ya betri tu, na ukizitoa ukaziacha nje kwa muda, zinasahau kila kitu. Na betri zilizokaza vile hazitoki zenyewe.

Nilitoa gundi kwenye mkoba, ile kali inayoshika vidole, nikapaka ukingo wote wa kifuniko, nikakibana mpaka kikashika.

Njeri alikuwa ananiangalia mikono. "Sasa betri zikiisha?"

"Zikiisha utaniita mimi."

Alinipa chapati. Ningetaka kukuambia nilikataa. Nilikula moja, ilikuwa laini kuliko zangu, na hilo likanikasirisha kuliko yote.

Haikupita muda mrefu, simu ikalia tena. Nilikuwa nimemwambia baba yako akiitwa kule aniambie mimi, na akaniambia, bila kuniangalia. Nikaenda. Rimoti ilikuwa mezani. Kifuniko kilikuwa kimepasuliwa kwa kisu, kipande kimoja hakipo.

Nilimwonyesha. "Njeri, ni wewe unayetoa betri."

Hakukana. Alikaa chini. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nyumba ikinyamaza, Mama Nekesa, haki hujui. Nakaa hapa jioni nasikia friji. Mtu akija, hata kama ni kubonyeza tu, nyumba inakuwa na mtu."

"Nunua redio," nikamwambia.

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Niliweka mkoba begani nikatoka, na njiani nilijisikia mshindi. Betri zilikuwa za Njeri, kosa lilikuwa la Njeri, mume wangu amedanganywa kama mtoto. Nilifika kibandani nikiwa na furaha mbaya. Baba yako alikuwa anachomelea waya.

"Ulijua ni yeye anatoa betri?" nikamuuliza. Nilingoja ashangae.

Hakuinua kichwa. "Fundi anajua."

"Ulijua?"

"Tangu ile mara ya pili."

"Na ukaendelea kwenda."

"Nikaendelea."

"Kwa nini, Wafula?"

Akaweka chini kile chuma chake cha moto cha kuchomelea. Akafikiri kweli, hakuwa anatafuta uongo. Akasema, "Ananisikiliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lingine. Kwa lile lingine nilikuwa na maneno yote tayari, na ndugu zangu wa kuita, na begi la kufunga. Nilichukua ile rimoti aliyokuwa anatengeneza nikaitupa matopeni. Wewe ndiye uliyeenda kuiokota, ukaipangusa kwa sketi ya shule. Labda umesahau. Afadhali usahau.

Niliyofanya baada ya hapo sikuyafikiria sana. Nilimtukana Njeri kwenye mfereji wa maji mbele ya wanawake wa mtaa, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilifungua simu ya baba yako akioga. Kisha niliacha kazi ya kiwanda, nikanunua kiti, nikakiweka ndani ya kibanda, nikakaa. Watu walidhani nimependa ufundi. Nilikuwa nalinda. Akiitwa nyumba ya mwanamke, naenda mimi. Akiitwa nyumba ya mwanamume, anaenda yeye. Ndivyo nilivyokuwa fundi, na ndivyo mtaa ulivyozoea kuniita Mama Rimoti.

Njeri alihamia Mwiki, upande wa Ruiru, kabla mwaka haujaisha. Siku waliyopakia vitu vyake nilisimama mlangoni nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti. Jioni hiyo baba yako alikula ugali wote. Nilimwangalia akila, nikasubiri aongee. Hakuongea. Mimi pia sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimeshajua kuseti rimoti, Njeri ameshaenda, na sikuona tena haja ya kuuliza. Zile jioni zetu za mezani zikaisha hivyo. Hakuna aliyezimaliza kwa makusudi. Tulikaa kibandani kutwa, viti vimegusana, nikijua mahali alipo kila dakika, na sikujua anawaza nini zaidi ya nilivyojua nikiwa kiwandani.

Kama kuna kitu katika barua hii ningependa ushike, ni hapo. Wewe mwenyewe utapata mtu. Ukihisi hiyo njaa ya tumboni, nenda ukaone kwa macho yako, mimi sitakukataza. Lakini usiende na gundi. Na ukiuliza swali moja ukajibiwa vizuri, usinyamaze hapo kwa sababu umepata ulichokuwa unatafuta.

Sasa nije kwa ya juzi, ambayo huyajui.

Uliniambia Njeri alikupigia simu akakuomba uende kumsaidia dukani. Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Kisha Jumatano nilikwambia naenda kununua vifaa, nikaenda Ruiru.

Duka lake nilikuwa nimelisikia tu. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaliangalia. Lina kioo mbele, lina jina lake juu, ndani kuna TV zimewashwa ukutani na rimoti zimepangwa kwa kabati kama miwani. Nilifikiria kibanda chetu na ule waya. Nikataka kurudi nyumbani. Lakini mlango ulikuwa wazi, nikaingia, nikajibanza nyuma ya wateja.

Alikuwa anamhudumia mzee mmoja aliyeleta TV yake imefungwa kwa blanketi. Njeri amenona, amepata mvi mbele, amevaa aproni. Jua la mlangoni lilikuwa linapiga kioo. Akavuta pazia akamwambia mzee, "Jua linaifumba macho." Kisha akachukua rimoti, akaigonga mara mbili kwenye kiganja, akasema, "Haya mzee, kubari," kwa ile r yake ya Kikuyu. Yule mzee wa TV akadhani anaambiwa yeye, akacheka. TV ikawaka.

Nekesa, sijui nikuambieje. Ilikuwa mikono ya mume wangu. Yalikuwa maneno ya mume wangu. Miaka yote hii, kila siku ya kazi, mbele ya watu wasiojua, amekuwa akiyatumia. Nilikuwa nimefukuza mwanamke mtaani na nikamwacha aende na hivyo vyote.

Mzee alipotoka akaniona. Hakushtuka sana.

"Mama Nekesa."

"Njeri."

Alinivutia kiti nyuma ya kaunta, akamtuma mtu alete soda. Sikungoja soda.

"Kwa nini unataka mtoto wangu?"

"Sikumtaka. Alikuja mwenyewe. Alisimama hapo hapo, akaniuliza kama nahitaji mtu. Nikamuuliza, wewe ni wa nani? Kabla ajibu, akachukua rimoti hapa juu, akaigonga hivi kwa kiganja." Akanionyesha. "Nikajua ni wa nani. Nikamwambia, enda uulize mama yako kwanza."

Kwa hivyo sasa najua, na wewe ujue kwamba najua. Ulidhani ukiniambia ulienda mwenyewe itaniuma. Imeniuma. Sikulaumu kwa kutafuta kazi. Ulisema kibanda chetu ni kidogo, na ni kweli, tangu nilipoingiza kiti changu hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Lakini kati ya maduka yote ya Ruiru, Nekesa.

Soda ikaja. Nikanywa. Nikamuuliza lile nililokuwa sijawahi kumuuliza mtu.

"Kulikuwa na nini?"

Alifuta kaunta iliyokuwa safi. "Kwangu kulikuwa. Nikikudanganya sasa nitapata faida gani? Nilimpenda. Kwake kulikuwa na chapati na mtu wa kumsikiliza. Kuna siku nilimshika mkono, tukingoja ile TV. Akautoa pole pole, akasema imekubali, na haikuwa imekubali. Akafunga mkoba akaenda."

"Akarudi?"

"Akarudi."

Hapo ndipo pananiuma mpaka saa hii. Alitoa mkono, na akarudi. Yote mawili ni yeye, na nimeshindwa kuchagua nimshike kwa lipi.

"Alikuwa anaongea nini?"

"Mambo ya shule. Mambo ya babake. Na huyu mtoto. Alikuwa anasema, huyu wangu atakuwa fundi, wewe ngoja uone."

Ulikuwa darasa la pili. Mimi, nikiunga kola, nilikuwa naomba uwe mwalimu. Kumbe Njeri alijua utakuwa fundi kabla yangu. Alipewa hiyo habari bure, wakila ndengu.

Nilitaka kumwambia kwamba sitakuruhusu. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mteja aliingia na rimoti iliyomwagiwa chai, na Njeri akaifungua, akaikausha kipande kwa kipande, akimweleza yule mama kila anachofanya ili siku nyingine ajifanyie mwenyewe. Hakuharakisha. Mimi huwa naharakisha. Mteja akiniuliza kwa nini, namwambia lete nifanye. Nilimwangalia mpaka mwisho, na nikajua utajifunza hapo kitu ambacho sina cha kukupa. Nilijua bila kupenda. Nikaaga nikaondoka, na sikumshukuru kwa soda.

Nilipofika nyumbani nilikuambia uende. Ulinirukia shingoni. Ulidhani nimelainika.

Kesho nitakusindikiza mimi. Baba yako ameomba na nimemwambia hapana, na hakubisha, amevaa tu lile tabasamu lake la kutoa vitu mezani. Jana jioni, baada ya wewe kulala, nilimuuliza ile skrubu ya redio ya mwalimu mkuu aliipeleka wapi. Akaanza kusimulia. Ameongea muda mrefu. Sikusema lolote la Ruiru, naye hakuuliza. Sijui kama ni kitu. Nimekuambia tu.

Utanisikia nikimsalimia Njeri vizuri mbele yako. Usiamini sana. Mtii kazini, mwangalie mikono, muulize kila kitu, na usione haya kumpenda kama anastahili, mimi nitajimudu. Kula chapati zake. Mwite Auntie, mwite Madam, mwite bosi, hata mwite Njeri tupu mkizoeana. Lakini nimewaona nyinyi wasichana, mtu akiwalisha wiki moja na kuwafunika blanketi mkiwa na homa, mnaanza kumwita mama. Hilo usimwite. Ana duka, ana kioo, ana maneno ya mume wangu. Hilo moja lina mwenyewe, na yuko Makongeni.

Mimi,
mama yako.